Mlo wa sahani ndogo nyingi: kaiseki, meze au tapas?

Jiko_la_Shangani:
Wadau, habari za jioni. Nina mgahawa mdogo hapa Mtwara mjini. Nataka kila Jumamosi usiku niandae mlo wa sahani ndogo nyingi kwa wageni 12 walioweka oda mapema. Njia ninazozifikiria ni tatu. Kuna ya Wafaransa na ya Wajapani, ambao kwao inaitwa kaiseki: mgeni hachagui, mpishi anapanga na kuleta kimoja baada ya kingine. Kuna meze ya Lebanoni na Uturuki, sahani zinajaa mezani watu wakachangia. Halafu tapas ya Hispania, mgeni anaagiza kidogo kidogo anavyojisikia. Nina jiko la gesi la pleti mbili, jiko la mkaa na msaidizi mmoja. Moyo wangu uko kwenye kaiseki. Nishaurini.

Feri_Alfajiri:
Mkuu, tapas iondoe kabisa. Ngisi kwenye kikaango cha moto anataka dakika mbili tatu, akizidi hapo anakuwa mpira, na kumlainisha tena ni kumchemsha nusu saa au zaidi. Sasa meza hii inataka ngisi, ile changu, ile mishikaki, na wewe una pleti mbili! Ukipeleka kimoja kimoja, ngisi wa watu wote wanaingia pamoja na kutoka pamoja. Pweza yeye mchemshe mchana, moto mdogo, mpaka uma upenye bila nguvu. Jioni unampitisha tu kwenye mkaa, ndimu na pilipili juu, anaondoka.

MtuWaLindi:
Tapas nakubali iondoke, ila kaiseki napinga. Sisi kula ni kuchangia. Angalia futari: uji, tende, muhogo wa nazi, magimbi, sambusa, kaimati, vyote jamvini kwa mara moja, na hakuna anayehitaji kuelekezwa. Hata Wafaransa zamani walikuwa wanajaza meza. Huu utaratibu wa kimoja kimoja waliuchukua kwa Warusi karne ya 19.

Halafu meze inampa mpishi nafasi ya kupumua. Vingi vinaliwa vya baridi, unavimaliza saa kumi jioni. Biringanya unachoma kwenye mkaa mpaka ganda liungue, unakwangua nyama ya ndani, unaponda na ufuta uliosagwa, kitunguu saumu na ndimu. Ufuta Lindi umejaa, tunauza nje magunia kwa magunia, na mezani kwetu hatuuoni! Na zile dengu za kusaga za meze zikikosekana, saga mbaazi zilizoiva.

Mama_Mikindani:
Mwanangu wa Shangani, nimepikia wageni miaka mingi, nisikilize. Ukichukua ya Kijapani, ichukue mpaka mwisho wake. Wao wali, supu na achari vinakuja mwishoni, baada ya vile vidogo vyote, kwa hiyo hakuna anayeondoka na njaa. Mtu wa huku akikaa muda mrefu bila kuona ugali wala wali anaona hajala. Kwa hiyo malizia na ugali wa muhogo kidogo, kisamvu cha nazi na kipande cha samaki. Mwanzoni weka ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, iliyochemshwa, na chumvi na pilipili pembeni.

Na chumvi uiogope. Sahani moja ukiionja peke yake utaona iko sawa. Mgeni akila nane mfululizo, ulimi unachoka na anamaliza maji. Kaa chini ule zote kwa mpangilio wake kabla hujamwita mtu.

Kusi_na_Kaskazi:
Idadi nayo. Watu wanapenda kuutaja mgahawa wa El Bulli wa mpishi Ferran Adrià kule Catalonia, Hispania, vionjo zaidi ya 30 kwa mlo mmoja. Ule ulikuwa na wapishi wengi mno, na ulifungwa 2011. Wewe na msaidizi mmoja, nane zinatosha sana.

Jiko_la_Shangani:
Shikamoo mama, na ahsanteni wote. Basi nachanganya: ming'oko, biringanya na mbaazi vinawasubiri wageni mezani wachangie kama meze. Baada ya hapo pweza, ngisi na changu, kimoja kimoja. Mwisho ugali na kisamvu. Kitamu cha kumalizia sijakipata. Keki sitaki.

Wa_Newala:
Keki ya nini wakati korosho tunazo? Loweka korosho ghafi zilizobanguliwa usiku kucha, saga na maji kidogo na sukari mpaka ziwe laini kama tui zito. Msimu ukifika, kuanzia Oktoba hivi, katia mabibo vipande vyembamba juu yake, utamu na ule ukakasi wake vinasafisha mdomo baada ya samaki. Ila mabibo yaokotwe asubuhi ya siku hiyohiyo. Hayalali.