GTX 1060 na gemu mpya: nibadili kadi sasa au bado?

Sakina_Gamer (Arusha)
Wakuu, habari zenu. Mashine yangu ni prosesa i7-6700, RAM GB 16 kijiti kimoja, kadi ya picha GTX 1060 ya GB 6, pawa saplai ya wati 450, skrini ya 1080p. Gemu mpya zinakwamakwama hata nikishusha setingi, hasa kwenye ramani zenye watu wengi. Kuna muuzaji hapa mjini ana RTX 4060 na RTX 3060 ya GB 12, zote zimetumika. Nichukue ipi? Au tatizo liko kwingine?

Fundi_Njiro
Mkuu, usitoe hela kabla ya kupima. Weka programu ya MSI Afterburner, ionyeshe juu ya gemu matumizi ya kadi, joto, kumbukumbu ya kadi na kila kiini cha prosesa. Zima V-Sync kwanza (hufunga kasi ya picha kwa kasi ya skrini), maana ikiwa imewashwa kadi itaonekana imepumzika kumbe imefungwa kamba tu. Cheza palepale panapokwama, kadi ikishapata moto. Ikikaa asilimia 95 hadi 99, yenyewe ndiyo imefika mwisho. Ikishuka 60 huku kiini kimoja cha prosesa kimegonga 100, kadi mpya haitakusaidia.

Kisha shusha 1080p iwe 720p bila kugusa kingine. Fremu (idadi ya picha kwa sekunde) zikipanda sana, kikwazo ni kadi. Zikibaki palepale, ni prosesa au RAM.

Mimi hicho kijiti kimoja kinanitia shaka. Prosesa hiyo inasoma RAM kwa njia mbili, na kijiti kimoja kinaipa nusu tu. Ndiyo kukwama kwa ghafla huko. Weka viwili vya GB 8, lakini angalia bodi kwanza: kizazi hicho kuna bodi za RAM ya DDR4 na za DDR3L.

Rau_PC (Moshi)
Naongezea joto. GTX 1060 hujipunguzia kasi ikikaribia nyuzi 83, na kwa vumbi la kiangazi chetu huku, kadi ambayo haijafunguliwa miaka mingi hufika huko mapema. Chomoa umeme, bonyeza kile kishikio cha plastiki mwisho wa sloti ndipo uvute kadi. Wengi hukivunja hapo. Ukipuliza vumbi, zuia feni kwa kidole isizunguke.

Kama pesti ya kupitisha joto kati ya chipu na hitisinki (kipozeo cha chuma) imekauka, fungua skrubu nne zenye springi kwa mshazari, kidogokidogo, futa kwa spiriti, paka mpya. Vile vipande laini juu ya chipu za kumbukumbu vikichanika, weka vya unene uleule. Vikizidi unene, hitisinki haitalala vizuri juu ya chipu kuu na joto litakuwa baya kuliko mwanzo.

Sakina_Gamer
Asanteni sana. Nimeweka vijiti viwili na kusafisha. Kukwama kumepungua mno, ila fremu ni 40 hivi, kadi iko 99, joto 72, na kumbukumbu yake imejaa.

Fundi_Njiro
Basi sasa kadi ndiyo imefika mwisho. Kwa bodi yako chukua 3060 ya GB 12. Bodi hiyo ni PCIe 3.0 (kizazi cha zamani cha sloti ya kadi), na 4060 hutumia njia 8 tu badala ya 16. GB 8 zake zikijaa, data inapitia mlango mwembamba kwenda kwenye RAM na kukwama kunarudi. Kwenye bodi mpya ningekwambia vingine.

Gharama yake ni umeme: 3060 inakula wati 170, 4060 inakula 115. NVIDIA wanashauri pawa saplai ya 550. Wati 450 za kweli, zenye waya wake wa pini 8, zitahimili na prosesa yako ya wati 65; za bei ya kutupa, badilisha. Usiunge pini 8 kutoka plagi ya SATA (ile ya diski). SATA hutoa wati 54 tu kwenye volti 12, itayeyuka.

Rau_PC (Moshi)
Kabla hujalipa, fungua programu ya GPU-Z dukani. Lazima usome MB 12288 (yaani GB 12) na biti 192 (upana wa njia ya kumbukumbu), kwa sababu kuna 3060 ya GB 8 yenye biti 128 na ni dhaifu zaidi. Jaribu matundu yote ya skrini, iendeshe nusu saa chini ya mzigo. Na anayetafuta GTX 1060 akikuta ina tundu la VGA aiache: toleo halisi halina, hiyo ni kadi ya zamani iliyobandikwa jina.

Pima pia nafasi ndani ya kesi, kuanzia bati la nyuma hadi feni za mbele. 3060 za feni tatu ni ndefu, za feni mbili huingia kirahisi.