My Ántonia ya Willa Cather: huyu mama alishinda ama alishindwa?

msomaji_nakuru
Hamjambo wapenzi wa vitabu. Nimemaliza My Ántonia, ile riwaya ya 1918, na bado inanizunguka kichwani ndio maana naileta hapa. Kwa wale hawajaisoma, ni familia ya Shimerda, na binti yao Ántonia, wanatoka Bohemia huko Ulaya wanaenda kulima Nebraska, Marekani, wakati huko ni nyasi tu mpaka macho yachoke, na anayetusimulia ni Jim Burden, yatima wa miaka 10 aliyeshuka treni moja na wao akienda kuishi kwa babu na nyanya yake.

Sasa kikundi chetu cha kusoma hapa Nakuru tuligawanyika vibaya. Wengi walisema Ántonia alipoteza, kwa sababu msichana alikuwa na akili sana, babake akafa mapema, akashikishwa plau shambani na kakake Ambrosch, baadaye Larry Donovan akamdanganya na mambo ya ndoa akamwacha na mimba, na mwisho unamkuta shambani na watoto kibao, meno yametoka, hata Kiingereza kimeanza kumpotea. Jim naye amefika mpaka Harvard, saa hii ni wakili wa kampuni ya reli.

Mimi nakataa kabisa. Kuna mahali anamtembeza Jim kwa ile miti ya matunda walipanda na mumewe Cuzak, anamwambia kiangazi kikizidi alikuwa anaamka usiku mzee akiwa amelala, anachota maji anaenda kuimwagilia, na kumbuka ameshinda shambani kutwa. Hapo mimi sioni mtu ameshindwa. Nyinyi mliisomaje?

mkulima_lugari
Niko na wewe. Sisi ni watu wa skimu, nyanya yangu alitoka Vihiga na babu wakati mashamba ya wazungu yalikatwakatwa wakati wa uhuru wakapata shamba huku Lugari, na akisimulia miaka ya kwanza hata haanzi na mahindi, anaanza na baridi na vile ungeita jirani mpaka koo ikauke na hakuna wa kuitikia. Ndio maana zile chapta za mwanzo zilinishika. Akina Shimerda wanakaa kwa shimo limechimbwa ukingoni mwa korongo, na Ántonia na mdogo wake Yulka wanalala kwa tundu lingine limechimbwa ndani ya huo ukuta wa udongo, upana wake hauzidi pipa la mafuta, na yeye anajivunia ati huko kuna joto!

Na aliyewauzia ni nani? Krajiek, mtu wa kwao Bohemia. Akawachaji shamba kuliko thamani yake, akawaongezea ng'ombe na farasi waliobaki mifupa kwa bei ya wanyama wa kazi, na hawangeweza kumfukuza kwa sababu ndiye pekee walielewana lugha. Mabroka wa mashamba tunawajua jamani. Mara nyingi anayekushika mkono kukuonyesha ploti yenye matatizo ni yule mnaongea naye kilugha chenu.

Lakini mahali iliniuma zaidi ni pale Jim anamuuliza kama atakuja shule, na yeye ametoka kulima, anajibu kwa kujigamba hana wakati, ana shamba la kutengeneza. Halafu wakienda kwa zizi Jim anashangaa mbona amenyamaza, kumbe analia, na anamwomba awe akimwambia mambo mazuri anayosoma huko. Babake alikuwa mtu wa elimu huyo, mpiga fidla, na alipofika Marekani hakuigusa tena.

dala_kisumu
Mnaruka mazishi ya huyo mzee na kwangu mimi hiyo ndiyo moyo wa kitabu. Mzee Shimerda amejiua katikati ya baridi, theluji imefunga njia zote, Otto Fuchs kijana wa kazi wa akina Burden ndiye anaranda mbao za jeneza ndani ya nyumba, na kanisa la Wanorwe wanakataa asizikwe kwa makaburi yao. Mama na Ambrosch wanaamua azikwe kwa pembe ya shamba lao, pale barabara mbili zitakuja kukutana siku moja. Babu ya Jim, Mprotestanti wa kisawasawa, anaombwa aseme neno kwa kaburi la Mkatoliki na anasali vizuri sana, hakuna hata neno moja la kumhukumu.

Sisi huku tunajua uzito wa hayo. Mtu akijiua kuna taratibu zake, na watu wanaongea chini chini miaka na miaka. Sasa Cather anatuambia barabara zilipokuja kuchorwa ziliacha kaburi, moja inapinda kidogo hivi na nyingine hivi, na zile nyasi za zamani zikabaki hapo tu wakati kote kumelimwa. Yaani kanisa lilimkataa lakini barabara ilimpisha. Mimi nililia hapo.

sisibo_64
Kitabu nakipenda lakini wacha niseme kitu. Hayo mambo ya "nyasi tupu" yananisumbua. Hiyo ardhi serikali yao iligawa kwa sheria ya 1862, ekari 160 kwa mtu akikaa miaka 5 na kulima, na Wapawnee waliokuwa wanaishi Nebraska walikuwa wamesukumwa mpaka Oklahoma kwenye miaka ya 1870. Ndani ya riwaya yote wanabaki kama duara kwa nyasi. Mnaikumbuka? Jim anaonyeshwa alama ya mviringo pale Wahindi Wekundu walikuwa wakizungusha farasi, na vijana wa kazi wanasema hapo katikati mateka walikuwa wanateswa, babu anasema pengine walikuwa wanashindana mbio tu. Basi, stori inaendelea.

Mimi nimezaliwa Eldoret, mji wazee wanaita Sisibo kwa sababu ya shamba namba 64 (sixty-four), na Makaburu walipanda huku 1908 na magari ya ng'ombe kutoka huko Nakuru kwenu. Ukisoma vile waliandika, nao walikuta "nyasi tupu". Na mashimo ya Wasirikwa, wafugaji wa zamani, yamejaa kila mahali, mviringo kabisa, hata hapo Hyrax Hill alipochimba Mary Leakey 1937. Watu walikaa hapo na ng'ombe wao karne nyingi. Kwa hivyo ukiniuliza kama Ántonia alishinda, ndio, na namheshimu sana, lakini aliposhinda palikuwa kwa mtu.

Halafu yule mpiga piano mweusi, Blind d'Arnault, jinsi ameandikwa ni matusi, hakuna njia nyingine ya kusema.

mama_wa_kitale
Asante kwa kutaja hiyo ya d'Arnault, nilidhani ni mimi peke yangu.

Mimi naona aliyepoteza ni Jim. Alikaa miaka 20 bila kwenda kumwona huyu rafiki yake kwa sababu aliogopa kumpata amezeeka na kuvunjika, na yeye mwenyewe ana ndoa baridi huko New York, anazunguka tu na treni. Anafika anapata boma limejaa, watoto wanaongea Kibohemia nyumbani, wanampeleka kwa lile pango la kuweka akiba wanamwonyesha mitungi ya cheri na stroberi, wakitoka wanapanda ngazi mbio wote pamoja mpaka kizunguzungu kinamshika.

Na kumbukeni vile alijifungua mtoto wa kwanza. Alikuwa amechunga ng'ombe kwa baridi kutwa, akarudi akawaingiza zizini, akaingia chumbani kwake akajifungua bila kuita mtu. Badala ya kumficha mtoto, akampeleka kupigwa picha mjini, na picha ikawekwa kwa duka la mpiga picha ndani ya fremu kubwa ya dhahabu watu wote waone. Huko kijijini kwetu wasichana walikuwa wanapelekwa kwa shangazi mbali mpaka mambo yapoe. Yeye alikataa fremu ya bei rahisi.

msomaji_nakuru
Mama wa Kitale hiyo ya fremu naibeba niende nayo kwa kikundi. Sisibo nimekusikia, ile duara niliisoma nikapita tu, na Hyrax Hill iko hapa karibu. Ila kwa Jim sikubali moja kwa moja, kwa sababu kama angekuwa amepoteza kila kitu hangeweza kukumbuka sauti ya lile randa na nyasi za kwa kaburi namna hiyo. Tunaanza O Pioneers! ya 1913, ya mwandishi huyo huyo, huko mwanamke Alexandra ndiye anaachiwa shamba na babake mbele ya ndugu zake wa kiume. Zote mbili ziko bure Project Gutenberg, maktaba ya vitabu mtandaoni, unasoma kwa simu.