Tupeane uzoefu: wewe uliyepimwa tezi ya shingo bila kuumwa, ilikuwaje?

MamaIlham (mwanzisha uzi)

Habari zenu wapendwa. Mwezi huu naona matangazo mengi ya vifurushi vya vipimo kwa wanawake: titi, shingo ya kizazi, sukari, presha, halafu chini kabisa "pamoja na tezi ya shingo", yaani thairoidi, ile iliyo mbele ya koo. Mdogo wangu kanitumia tangazo moja jana usiku, ananiuliza, "Dada, nilipie?" Nimeshindwa kumjibu kwa mkato, ndiyo maana nafungua uzi huu. Naomba tuseme yaliyotukuta sisi wenyewe. Naanza mimi.

Mwaka 2012 nilikuwa Seoul, mume wangu anasoma. Korea Kusini walikuwa na mpango wa taifa wa kupima saratani tangu 1999, na tezi ya shingo haikuwemo. Lakini ukienda kupima hayo mengine, wanakuuliza kama uongezewe altrasaundi ya shingo kwa hela kidogo tu, kama dola 30 hadi 50. Nani atakataa? Nilikuwa na miaka 34, sina uvimbe, sina maumivu, nameza vizuri. Nikalala, nikapakwa jeli ya baridi kooni. Dada anayepima akapitisha kile kifaa upande wa kulia, akaendelea, akarudi, akarudi tena palepale. Mkono wake uliposimama, moyo wangu nao ukasimama.

Kinundu cha milimita 6. Nikachomwa sindano ya kuvuta chembe, nikasubiri wiki nzima, majibu yakasema saratani ya papilari, aina ya saratani ya tezi inayopatikana zaidi. Baada ya neno hilo sikusikia kingine. Nilikuwa nawaza Ilham ana miaka mitatu, atalelewa na nani. Mwezi haujaisha, tezi yote ikatolewa.

Kila siku saa 11 alfajiri nameza kidonge cha levothairoksini, homoni ya badala ya ile ya tezi, kwa maji matupu, nasubiri saa nzima ndipo ninywe chai. Ramadhani nakimeza usiku, tumbo likishatulia baada ya futari. Kuna vitezi vinne vidogo vimejificha nyuma ya tezi kubwa, ndivyo vinavyotunza kalsiamu mwilini. Vyangu viliumia kwenye operesheni. Nikiwa nafua, vidole vinakakamaa, midomo inachonyota kama nimelamba pilipili. Mpaka leo vidonge vya kalsiamu havitoki kwenye pochi yangu, na navyo lazima vipishane kwa muda wa saa nne na kile cha alfajiri.

Machi 2014 madaktari wanane wa kulekule Korea wakaandika barua ya wazi kuwasihi watu wasio na dalili waache kupimwa tezi. Mwaka 2011 pekee waligundulika watu zaidi ya 40,000, mara 15 ya kiwango cha 1993. Waliokufa kwa saratani hiyo walibaki kati ya 300 na 400 kwa mwaka, kama zamani. Kama wote tulikuwa tunaokolewa, vifo si vingepungua? Nililia siku ile kuliko siku ya majibu. Inawezekana mimi ni mmoja wa wale wachache waliookolewa kweli. Inawezekana pia kile kinundu ningezeeka nacho na kuzikwa nacho bila kukijua. Nimewauliza madaktari watatu, hakuna anayeweza kuniambia mimi ni yupi, kwa sababu kimeshatolewa.

NuruWaTanga

Pole sana dada. Mimi nilitolewa nusu ya tezi, Muscat, 2018. Nilipima kwa hiari yangu na hata leo ningepima tena. Mama yangu alikufa kwa saratani ya titi iliyogundulika imeshachelewa, mimi ndiye niliyekuwa namwogesha. Siwezi kulala na kitu shingoni eti kwa sababu huenda hakitaniua. Afadhali nijue.

MpigaPichaMwanza

Nafanya kazi ya altrasaundi miaka 15, kwa hiyo naandika kama mhudumu na kama mwanamke. Nuru, pole kwa mama. Sitabishana na machozi yako. Naomba tu nieleze kinachotokea upande wangu wa mashine.

Mashine za siku hizi zinaona kitu cha milimita 2. Wanawake tuna saratani hii iliyogunduliwa kama mara tatu ya wanaume, na vinundu vya kawaida ndiyo usiseme: wakija wanawake wa miaka hamsini na kuendelea, hata nusu yao naweza kuwakuta navyo. Vingi mno si saratani. Na hata saratani zenyewe ndogondogo ni nyingi kuliko tunavyodhani. Mwaka 1985 watafiti wa Ufini walichunguza tezi za marehemu 101 waliokufa kwa sababu nyingine, wakazikata vipande vyembamba. Zaidi ya theluthi moja walikuwa na saratani ndogo ya papilari, na walikuwa wameishi nayo kimya.

Ndiyo maana titi na shingo ya kizazi tunawahimiza mje, lakini tezi siyo. Shingo ya kizazi tunakuta kidonda kabla hakijawa saratani, tunakitibu, umepona. Tezi tukikuta kitu cha milimita 5, tumekuta kitu ambacho mara nyingi hakikuwa kinaelekea popote. Marekani jopo lao la ushauri lilitamka mwaka 2017 kwamba watu wazima wasio na dalili wasipimwe, kwamba madhara yanazidi faida. Na kinundu kisichofika sentimita 1 kwa kawaida hata sindano hakichomwi, kinaangaliwa tu.

Kinachonitesa mimi ni hiki. Mama kaja kwa kifurushi, sijamtafutia ugonjwa, namuona kitu. Nikiandika, nimemwondolea usingizi. Nisipoandika, nimemficha. Kwa hiyo naandika. Wakati mzuri wa kufikiri ni kabla hujapanda kitandani kwangu.

MkenyaWaToronto

Mimi changu hakijatolewa, bado ninacho. Mwaka 2019 nilipata ajali ya gari, wakapiga picha ya shingo kuangalia mifupa, wakaona kinundu cha milimita 9. Sindano ikasema papilari. Daktari akaniwekea njia mbili mezani: tukate, au tukifuatilie. Akanieleza kuhusu Kuma Hospital ya Kobe, Japani. Wao walianza 1993 kuwafuatilia watu wenye saratani ndogo za aina hii badala ya kuwakimbiza kwenye kisu. Katika wagonjwa zaidi ya 1,200, kwa miaka kumi ni kama 8 katika kila 100 ambao kinundu kilikua milimita 3 au zaidi, na hakuna aliyekufa kwa ugonjwa huo. Waliokuja kuhitaji operesheni walifanyiwa baadaye, na hawakuwa wamechelewa.

Nikachagua kufuatilia. Mwanzo nilipimwa kila miezi sita, sasa ni mara moja kwa mwaka. Ila sitawadanganya, wiki moja kabla ya kipimo sili vizuri. Na ngumu zaidi ni nyumbani. Shangazi zangu wa Nyeri walipiga simu usiku: "Mbona hawakutoi? Ni pesa? Tufanye harambee?" Kanisani nikaombewa kama mtu anayeaga dunia. Kwetu ukishasema saratani, hakuna ndogo wala kubwa. Siku hizi nasema "nina kinundu kinachoangaliwa," naachia hapo. Hata madaktari wenyewe mwaka 2016 aina moja ya uvimbe wa tezi waliivua jina la saratani, kwa kuwa jina lenyewe lilikuwa linawaponza wagonjwa.

Mnyalukolo

Nimesoma mpaka hapa nikaona niseme ya kwetu Iringa, maana nyie mnaongea habari za vinundu visivyoonekana.

Nyanda za Juu Kusini rovu ni la siku nyingi kwa sababu ya upungufu wa madini joto, kabla chumvi haijaanza kuwekewa. Nimekua nikiona bibi zangu wana mafundo shingoni, wanalima, wanacheka, wanafungia kitenge juu. Mama naye alikuwa nalo tangu nikiwa mdogo. Hakuna aliyelitazama tena, lilikuwa kama sehemu ya sura yake. Mwaka 2016 likaanza kukua upande mmoja. Ukiligusa ni gumu kama kokwa la embe. Sauti ikakwaruza, tukasema ni mafua, akachemshiwa tangawizi. Miezi sita. Tulipomfikisha hospitali alikuwa anameza uji kwa shida. Mama hatunaye.

Kwa hiyo msije mkaandika hapa kwamba shingo isipimwe, mtu wa kijijini akasoma vibaya. Mama yangu hakuhitaji kifurushi. Alihitaji mmoja wetu aseme, "Hili limebadilika, twende."

MpigaPichaMwanza

Mnyalukolo, poleni sana, na asante kwa kuliweka wazi. Uvimbe unaoonekana au kushikika, hasa mgumu au unaokua haraka, sauti kukwaruza kwa wiki kadhaa, kumeza kwa shida, tezi za pembeni ya shingo kuvimba: hiyo ni dalili, njoo upimwe upesi. Vilevile aliyepigwa mionzi ya shingo utotoni, au mwenye ndugu wa damu aliyeugua saratani ya tezi, amwambie daktari. Niliyoyasema mwanzo yalikuwa kwa mtu asiye na hata moja ya hayo.

MamaIlham

Nimekaa na simu mkononi nasoma huku chai inapoa. Nuru, sikulaumu hata kidogo. Mimi ningeulizwa 2012 ningeandika hivyohivyo ulivyoandika. Ninachodai ni kimoja: pale mapokezi aliyeniuliza "tuongeze na shingo?" angenieleza nusu ya haya, ningechagua nikijua nachagua nini.

Mdogo wangu nimemjibu. Nimempapasa shingo mwenyewe, nikamwambia ameze mate nikimwangalia, hana kitu. Alhamisi tunakwenda wote kupima shingo ya kizazi, ile ya tezi tumeiacha.

NuruWaTanga

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Kwangu mimi bado ningepima. Lakini nilikuwa nimempangia binti yangu wa miaka 26 akapime likizo hii, na hana dalili yoyote. Naomba kwanza nikae naye nimsomee uzi huu, aamue mwenyewe.

Mnyalukolo

Shangazi yangu wa Kilolo naye analo, la zamani. Baada ya kuandika hapa nimempigia, anasema kama tangu Pasaka linambana akilala chali.

MamaIlham

Usingoje wiki iishe. Mpeleke hospitali ya mkoa, na wakisema aje Dar, atafikia kwangu.