Bango la filamu fupi: nyuso, mchoro au fremu? Nisaidieni kuchagua

FundiWaFremu (Dar)

Wakuu, heshima kwenu. Nina filamu ya dakika 12, sauti imeshachanganywa, na wiki ijayo naanza kuituma kwenye matamasha. Kilichobaki ni bango. Jina sitaji, ila kisa ni hiki, na mniahidi hamtakisambaza: kila Januari fundi cherehani wa barazani analetewa sketi moja ya shule na mama yule yule, afumue upindo airefushe. Mwaka wa nne ndipo fundi anapojua kuwa mtoto alifariki zamani, kabla hata sketi haijaletwa mara ya kwanza. Mama anaikuza sketi.

Nina rasimu tatu:

A: nyuso mbili kubwa, fundi na mama, cherehani ndogo katikati, jina kwa herufi za dhahabu.

B: mchoro wa sketi peke yake kwenye henga, ukutani, na mistari minne ya pindo za zamani.

C: fremu halisi kutoka kwenye filamu. Baraza, jua la jioni, fundi anaonekana kwa mbali.

Mimi roho iko C kwa sababu ile fremu tuliisubiria siku mbili. Mnasemaje?

KavaZaZamani (Dar)

Mkuu, mimi nimetengeneza kava za Bongo Movie miaka ile ya CD na DVD, enzi za marehemu Kanumba, kwa hiyo A naijua kama kiganja changu. Nikwambie kwa nini zile nyuso zilikuwepo. Muuzaji alikuwa anatandika kava mia pale mezani, au anatembea nazo mkononi, na mteja hasomi jina. Anauliza "ya fulani mpya imetoka?" Uso ndio ulikuwa bei. Aliyelipwa pesa nyingi zaidi ndiye aliyekaa mbele, mwovu nyuma yake, bastola pembeni hata kama filamu nzima haina risasi.

Sasa wewe waigizaji wako ni nani? Usikasirike. Kama hakuna anayewajua, nyuso mbili kubwa zinamwambia mtazamaji tu kwamba kuna watu wawili. A itupe.

Njugu_Karanga (Nairobi)

Pole pole bwana Kava. Uso haufanyi kazi ya jina la staa pekee. Mimi nilituma filamu yangu fupi mwaka juzi, na mahali pa kwanza bango langu lilipoonekana hapakuwa ukutani, ilikuwa kwenye ukurasa wa maombi, kijipicha chenye upana wa kidole gumba, kando ya vingine hamsini. Kwa saizi hiyo uso mmoja unasomeka. Nyuso mbili zinasomeka nusu. Baraza lenye mtu kwa mbali halisomeki kabisa, ni doa la rangi ya chai.

FundiWaFremu, fanya hivi: zipunguze zote tatu, ziweke kwenye simu, mpe mtu aliyekaa upande wa pili wa meza. Muulize anaona nini. Nakuhakikishia C itakufa hapo hapo, na hizo siku mbili za kusubiri jua zitakuuma.

FundiWaFremu

Nimejaribu. Mdogo wangu kaitazama C akasema "ukuta?" Imeniuma kweli.

Bi_Mwembeni (Unguja)

Mwanangu, hiyo C usiitupe, iweke ikusaidie kwingine. Matamasha huomba bango na picha kadhaa za filamu, vitu viwili mbali mbali. Picha zile ndizo zinazochapwa kwenye katalogi na magazetini. Watu wengi huzichanganya, wakafanya picha kuwa bango na bango kuwa picha.

La pili ni yale majani, zile alama za vitawi viwili zinazozunguka jina la tamasha lililoichagua filamu au kuipa tuzo. Nimekaa miaka kadhaa nikisaidia kupokea filamu kwenye tamasha moja, nimeona mabango yamezungukwa majani ya ushindi kumi na mawili, kumi na manne, mengine ya mashindano ya mtandaoni yanayotoa tuzo kila mwezi kwa kila aliyelipa ada. Anayechagua filamu anayajua yote hayo. Majani mawili ya matamasha yanayofahamika yana uzito kuliko bustani nzima. Na "imechaguliwa" si "imeshinda", usiyabadilishe maneno. Wewe hujaanza kutuma hata, kwa hiyo acha nafasi tupu upande wa juu, tena tupu kweli, pasiwe na uso wala herufi. Ukichaguliwa utaweka bila kuivuruga kazi. Wengi hubandika majani juu ya paji la uso wa mtu.

FundiWaFremu

Ahsante sana mama. Hilo la nafasi sikulifikiria. Na yale majina ya chini, herufi nyembamba zilizobanana? Nimeyaweka kwenye zote tatu. Watu wote wa kwenye seti, mpaka aliyetuletea chai.

Njugu_Karanga

Aliyeleta chai anastahili, lakini kwenye filamu yenyewe mwishoni.

Unajua zile herufi nyembamba zilitoka wapi? Mikataba ya Hollywood inasema jina la mtu fulani lisiwe chini ya asilimia kadhaa ya ukubwa wa jina la filamu. Kipimo ni urefu wa herufi. Basi wabunifu wakazirefusha zikafikia kipimo, halafu wakazibana upande kwa upande zisile nafasi. Ndiyo maana hazisomeki. Wewe huna mkataba wa namna hiyo na mtu. Andika jina la filamu, mwongozaji, mwandishi, mtayarishaji, waigizaji wawili, kwa herufi mtu anazoweza kusoma akiwa amesimama.

KavaZaZamani

Hapo nakupinga Njugu. Yale majina yaliyobanana yakiondoka, bango linaonekana kama tangazo la semina. Jicho la mtu limeshazoea: ikiwepo ile mistari miwili mitatu chini, anajua hii ni filamu. Hahitaji kuisoma. Mistari miwili inatosha, lakini iwepo.

Rangi4 (Arusha)

Mimi ni mtu wa kuprinti, niwaulize jambo ambalo hakuna aliyegusa: faili lina saizi gani?

FundiWaFremu

Inchi 27 kwa 40. Nilisoma kwamba ndiyo saizi ya bango la filamu.

Rangi4

Ya Marekani, ndiyo. Zamani ilikuwa 27 kwa 41. Uingereza wao walikuwa na lao la kulala, 30 kwa 40. Lakini huku utaprinti A3, labda A2, na uwiano haulingani. Ukilishusha bango lako mpaka urefu wa A3, yaani milimita 420, upana unatoka kama 283 na nusu, na karatasi ina 297. Unabaki na mstari mweupe wa karibu milimita 7 kila upande. Fundi mvivu atalivuta lijae, na kila kitu kitanenepa. Ukiwa bado hujamaliza, tengeneza faili la pili la A3 sasa hivi: pikseli 3508 kwa 4961 kwa ubora wa pikseli 300 kwa inchi, ongeza milimita 3 za kukatwa kila ukingo.

Na herufi za dhahabu ni za kwenye skrini tu. Kwenye wino wa kawaida dhahabu hutoka haradali. Niliwahi kumchapia mtu mabango thelathini, kayafungua mbele yangu, kanitazama kama nimemwibia.

Kalamu_ya_Mkaa (Tanga)

Nimesoma kimya kimya tangu juzi. Kura yangu B, na sababu si uzuri. Filamu ya dakika 12 ina siri moja. Ile ndefu ikivujisha moja kwenye bango, zinabaki nyingine tano. Yako ikivuja, mtu hana cha kuja kuona. A ina mama mwenye huzuni, tayari nimeshajua kuna msiba. B ina sketi tu.

Mwaka 1959 Saul Bass, mbunifu wa mabango wa Marekani, alipewa filamu ya kesi ya mauaji, Anatomy of a Murder, yenye staa James Stewart ndani, na kinachokaa kichwani mpaka leo ni mwili mweusi uliokatwa vipande, basi. Wapolandi nao baada ya Vita vya Pili vya Dunia walichora mabango ya ajabu bila kujali mastaa, kwa sababu msambazaji alikuwa serikali na hakukuwa na wa kushindana naye mlangoni. Filamu fupi iko karibu na hali hiyo. Hakuna tiketi inayouzwa kwa bango lako, hivyo una uhuru ambao wenye filamu ndefu hawana.

BintiFundi (Morogoro)

Shikamooni wakubwa. Mama yangu ni fundi, nimekulia chini ya meza ya cherehani. B ni nzuri ila ina kosa.

Kaka umechora ile sketi imepauka juu, halafu kila kipande kilichofumuliwa kina rangi yake, kinazidi kukolea kuelekea chini. Hivyo ndivyo inavyokuwa sketi inayovaliwa. Upindo ukifunguliwa, kitambaa kilichojificha ndani kinatoka kipya, halafu mwaka ule kinapauka kwa jua na sabuni, kisha kinafunguliwa kingine. Lakini mtoto wa kwenye filamu yako alishafariki. Sketi imeletwa mara nne bila kuvaliwa. Mama yake huifua?

FundiWaFremu

Haifui. Inakaa sandukuni. Kuna onyesho anaipiga pasi tu.

BintiFundi

Basi vile vipande vyote vya chini vina rangi moja, kipya kama dukani. Mikunjo ya upindo ipo, minne, lakini hakuna kilichopauka. Juu tu ndiyo imepauka, pale alipoivaa.

Kalamu_ya_Mkaa

Mdogo wangu, umenisimamisha nywele.

KavaZaZamani

Aliyewahi kushona ataelewa kabla hata filamu haijaanza. Wengine wataelewa wakitoka.

Bi_Mwembeni

Na fundi wa kwenye filamu, yeye hakuliona hilo miaka mitatu?

FundiWaFremu

Mama, hilo swali limeninyima usingizi. Ninayo fremu moja anaishika sketi, anaigeuza kwenye mwanga, anaiweka chini bila kusema kitu. Niliikata kwa sababu niliona inachelewesha. Leo usiku naifungua tena programu ya kuhariri. Bango nimelichora upya, A3, majina mistari miwili, juu tupu. Rangi4, nakuja Arusha mwisho wa mwezi, nitaleta faili kwenye flashi. Dhahabu nimeitoa.

Rangi4

Njoo asubuhi. Jioni umeme wa huku hauna adabu.