Tupeane uzoefu: una siku moja tu, uende piramidi ipi ya Wamaya?

Mzee wa Ramani (mwanzisha mada)

Wakuu, swali hili halichoki kurudi. Mtu yuko Cancún au Mérida, huko Meksiko, ana siku moja, na mkononi ana orodha ya piramidi kumi za Wamaya wa kale. Uzi huu tuujaze vitu vya kutumika: kilomita, saa, viingilio, na mahali mambo yanapokwama. Habari za "ilipendeza sana" tuziweke kando.

Naanza na langu: kabla ya piramidi, angalia unapolala. Rasi ya Yucatán ni tambarare, na kwenye ramani kila kitu kinaonekana jirani. Magofu ya Chichén Itzá kutoka Cancún ni kama kilomita 200, yaani saa mbili na nusu kwa barabara ya kulipia. Kutoka Mérida ni 120. Kutoka Valladolid ni kama 45 tu, ndiyo maana wanaojua hulala Valladolid. Uxmal iko kilomita 80 kusini mwa Mérida, na ukitokea Cancún ni zaidi ya saa nne kwenda peke yake, kwa hiyo ifute. Calakmul nayo inawadanganya wengi: ukishaacha barabara kuu namba 186, bado una kama kilomita 60 za njia nyembamba ya msituni. Hiyo ni ya mtu aliyelala Xpujil.

Kitangawizi

Kwa wanaokwenda Chichén Itzá, kosa la kwanza ni saa. Cancún, Tulum na Playa del Carmen ziko jimbo la Quintana Roo, ambalo liko saa moja mbele ya jimbo la Yucatán. Ukiondoka Cancún saa 12 asubuhi, unafika Chichén saa 1:30 kwa saa za pale, na geti linafunguliwa saa 2. Umewahi bila kujitesa. Jioni deni linalipwa: saa uliyoipata asubuhi inarudi kukatwa, na aliyekata tiketi ya ndege ya usiku huumia hapo. Simu nazo hubadilika zenyewe mkivuka mpaka wa majimbo, kwa hiyo kundi likubaliane linatumia saa ipi.

Kosa la pili ni tiketi. Kuna viingilio viwili, kimoja cha serikali ya jimbo na kingine cha INAH, taasisi ya taifa ya mambo ya kale, na kila kimoja kina dirisha lake. Usitupe karatasi yoyote hadi utoke. Uwe na peso taslimu, maana mashine za kadi zikigoma foleni nzima inasimama.

Ndani, mabasi ya watalii huanza kumwaga watu kuanzia saa 4 na kuendelea. Kwa hiyo piga moja kwa moja hadi El Castillo, piramidi ya Kukulkán, mungu nyoka, upige picha kabla uwanja haujajaa. Kila upande una ngazi 91. Mara nne ni 364, ukiongeza jukwaa la juu unapata siku 365 za mwaka. Kupanda kulikatazwa 2006, usibishane na mlinzi. Simama mbele ya ngazi upige kofi moja kavu. Mwangwi unarudi kama mlio wa ndege, kwa sababu kila ngazi inarudisha sauti kwa kuchelewa kidogo kuliko iliyo chini yake. Kiwanja cha mpira kina mita 168 kwa 70, hakuna cha Wamaya kinachokizidi. Wengi wanaishia hapo na kuacha upande wa kusini, wenye jengo la duara liitwalo Caracol, na huko ndiko kuna nafasi ya kupumua. Saa tatu zinatosha kwa vyote.

Bi Tausi

Kitangawizi umemaliza, ila ongeza Jumapili. Raia na wakazi wa Meksiko huingia bila kulipa cha INAH siku hiyo, hivyo umati ni mara dufu. Na wale wa ikwinoksi ya Machi na Septemba, siku usiku na mchana vinapolingana, wanaotaka kuona kivuli cha nyoka kikiteremka ngazini: kivuli hicho kinaonekana pia siku chache kabla na baada. Nenda siku hizo za pembeni, alasiri, uache ile tarehe yenyewe kwa wenye subira.

Mpanda Ngazi

Mimi na nyinyi hatutaelewana. Piramidi usiyoweza kupanda ni picha tu. Mwenye miguu aangalie hizi tatu.

Izamal, kama kilomita 70 mashariki ya Mérida: piramidi ya Kinich Kakmó imo katikati ya mji uliopakwa rangi ya njano, huingii kwa tiketi, na unapanda. Juu unaona mji mzima. Nusu siku yatosha.

Ek Balam, chini ya kilomita 30 kaskazini ya Valladolid. Jengo lake kuu lina urefu wa kama mita 30, na upande wa kushoto wa ngazi kuna mlango wenye umbo la mdomo wa dubwana, meno ya plasta yote yapo. Ni kaburi la mfalme Ukit Kan Lek Tok. Kutoka Valladolid kuna teksi za kuchangia, zinaondoka zikijaa, kama zetu tu. Kabla ya kupanda, patana na dereva saa ya kurudi.

Cobá, kilomita 45 kutoka Tulum. Nohoch Mul ina mita 42. Kutoka getini hadi hapo ni karibu kilomita mbili msituni, kwa hiyo kodi baiskeli ndani, na kwanza kagua breki na mnyororo.

Ruhusa ya kupanda hubadilika. Cobá ilifungwa 2020 kwa ajili ya korona. Uliza hotelini wiki hiyohiyo, usitegemee picha za zamani.

Namna ya kushuka: ngazi za Wamaya ni ndefu kwenda juu na nyembamba pa kukanyagia, kisigino hakikai. Weka mguu kiubavu, shuka kwa mshazari. Mawe ni ya chokaa, yamelainishwa na nyayo za miaka, na mvua ikipita hata dakika kumi yanateleza kama sabuni. Viatu vya raba vyenye meno. Ndala zibaki hotelini.

Shubiri

Mnapita Uxmal haraka mno. Mtu wa Mérida anayependa ufundi wa mawe asiende kwingine. Piramidi ya Mchawi ina kitako cha mviringo wa yai, jambo adimu kwa Wamaya, na urefu wa kama mita 35. Hekaya inasema kibeti aliijenga kwa usiku mmoja. Wachimbuaji wamekuta hatua tano za ujenzi, moja juu ya nyingine. Hupandi, lakini kuta za Ikulu ya Gavana na za uwanja wa majengo manne zimejaa sura za Chaac, mungu wa mvua mwenye pua ndefu.

Kwa nini mvua? Upande huu hauna senote, yale mashimo ya maji ya kaskazini, wala mto. Watu waliishi kwa matangi ya kuchimbwa ardhini, yaitwayo chultun, yenye mdomo mwembamba na tumbo pana. Ukishajua hilo, kila pua ukutani unaielewa. Kisha endelea kilomita 20 hadi Kabah, ukaone ukuta mzima wa sura hizohizo. Mabasi ya umma huko ni machache, kodi gari.

Nyangumi07

Wanaoshuka melini je? Tunatia nanga Cozumel saa 2, tunaondoka saa 11 jioni.

Kitangawizi

Nyangumi, sahau Chichén. Feri hadi Playa del Carmen ni kama dakika 45, halafu basi zaidi ya saa mbili, na kurudi vivyo hivyo. Chukua Tulum: piramidi yake ni fupi, ila mji una ukuta pande tatu na bahari upande wa nne. Anayejua Gedi au Kilwa Kisiwani atauelewa haraka. Meli ikitia nanga Costa Maya, nenda Chacchoben, chini ya saa moja. Ikiwa Progreso, Dzibilchaltún iko karibu. Saa yako ifuate ya meli, siyo ya bandari.

Mzee wa Ramani

Wa gari: barabara ya bure inapita vijijini, na matuta yake mengine hayana alama wala rangi, usiku usiiguse. Ya kulipia haina vituo vingi vya mafuta, jaza kabla, na hakikisha pampu imeanza sifuri. Maji lita mbili kwa mtu, hasa Aprili na Mei. Kama utaoga kwenye senote baadaye, usijipake mafuta ya jua asubuhi: utaambiwa uyaoshe kwanza. Vaa shati la mikono mirefu.