Tupeane uzoefu: singo maza kwa kuamua mwenyewe, kwa IVF

Habari wapendwa. Naomba tukusanye hapa stori za wanawake weusi ambao hatujaachwa wala kutelekezwa na mtu, tumeamua wenyewe kuzaa kwa mbegu za kuchangiwa, kwa IVF, yaani yai linarutubishwa maabara halafu linapandikizwa kwenye kizazi. Naanza mimi, na nyie mshushe zenu bila kuogopa.

Nilianza nikiwa na miaka 38. Kilichonichosha siyo sindano, ni kutafuta mbegu. Ukifungua orodha ya benki ya mbegu wanaume weusi wanahesabika, ukijishauri siku mbili vichupa vya uliyempenda vimeisha. Nesi akaniuliza kwani rangi ni muhimu sana, nikamwambia kwangu ni muhimu, nataka mtoto bibi yangu akimwona aseme huyu wa kwetu. Nikampata mmoja, barua yake nimeisoma mpaka nimeikariri, kuja kuangalia vipimo naye ni AS kama mimi, yaani tumebeba kinasaba kimoja cha sikoseli bila kuumwa. Wote mkiwa AS kila mimba ina asilimia 25 ya mtoto kuzaliwa na sikoseli. Nililia siku hiyo kama nimefiwa, nikasubiri miezi saba mpaka akatokea mwingine. Pimeni hiyo kitu mapema jamani, kabla hata hamjaanza kuchagua.

Mayai yalitoka 11, yaliyokomaa 8, yakarutubika 5, siku ya tano vimebaki viinitete 2, yaani mayai yaliyorutubika na kuanza kukua. Cha kwanza hakikushika. Cha pili ndo binti yangu, ana miaka minne sasa.

*Mama Baraka:*
Hongera sana dada. Mi yangu ilikwama kwenye uvimbe. Miaka sita nasema hedhi inaniua, nabadilisha pedi kila saa, daktari ananiambia ni kawaida meza dawa ya maumivu. Nilipoenda kliniki ya uzazi kwa ajili ya IVF ndo ultrasaundi ya kwanza tu wakaona faibroidi tano, mbili zimesukuma mpaka ndani ya kizazi, hapo kiinitete kingekaa wapi. Na hizi kitu zinatupata sisi weusi zaidi na mapema zaidi, inajulikana miaka yote, sasa kwa nini niliambiwa ni kawaida? Nikapasuliwa, nikasubiri miezi sita kidonda kipone, ndo nikapandikiziwa. Mtoto nilijifungua kwa operesheni. Kama unatoka damu nyingi dai ultrasaundi, usiombe, dai.

*Nuru:*
Asanteni. Vipi familia? Mama yangu anasema ni kumnyima mtoto baba.

*Mwanzisha mada:*
Nuru mdogo wangu, wangu alisema hivyo hivyo, hatukuongea wiki tatu. Baada ya kupandikiziwa kuna zile sindano za mafuta za projesteroni, homoni ya kusaidia mimba ishike, unachoma takoni kila jioni, nzito, mkono haufiki vizuri, nilikuwa najipinda mbele ya kioo na alama ya kalamu niliyochorwa na nesi imeanza kufutika. Siku ya tatu mama akaja bila kupiga simu, akasimama mlangoni akaniona. Akaosha mikono, akakipasha kichupa kwenye viganja ili mafuta yalainike, akasema geuka. Hatukuongea lingine. Alichoma wiki zote zilizobaki.

Na kuhusu baba, mi mtoto nilianza kumwambia angali mchanga, wakati nambadilisha nepi, kwamba kuna mtu alitupa mbegu ndo mama akakupata. Nilikuwa najizoesha mdomo, akija kuelewa asikute kuna kitu kinafichwa.

*Subira77:*
Mimi sijafanikiwa na nadhani stori yangu nayo ikae hapa. Nimepandikiziwa mara tatu. Mara ya pili mimba ilishika ikatoka wiki ya nane, kazini nikasema nina malaria maana hakuna aliyejua. Michelle Obama aliposema 2018 kwamba mimba yake iliharibika na mabinti wake wote wawili ni wa IVF nilikaa kwenye gari nikalia, maana kwetu hakuna aliyewahi kulisema kwa sauti, tunaonekana sisi kushika mimba ni kugusa tu.

Nimebaki na kiinitete kimoja. Kilipandikizwa juzi, majibu ya damu ni Alhamisi ya wiki ijayo. Safari hii nimemwambia dada yangu, atakuwa ananichoma yeye.