Huu mwezi wa nane tangu nifike Korea na bado sijui kusoma Hangul (maandishi ya Kikorea), nianzie wapi?

mama_daejeon

Wakuu habari zenu, poleni na majukumu. Naishi Daejeon, Korea Kusini, nimemfuata mume wangu anasoma masta huku. Mimi nashinda nyumbani, na tuna mtoto wa miaka minne ambae asubuhi anaenda chekechea, wenyewe wanaita eorinijip. Shida yangu ni kusoma. Kuongea najikongoja, salamu naweza, bei naweza kuuliza, ila nikitazama maandishi yao naona vijumba na viduara tu.

Nilivofika nilipakua chati kwenye intaneti, Hangul huku na herufi zetu pembeni, nikaikariri yote kwa wiki mbili. Lakini nikisoma hivo hawanielewi. Mfano 어 imeandikwa ni "eo", nikisema e-o mama wa dukani ananiangalia tu. Na hata neno nikizijua herufi zake zote bado wao wanalitamka tofauti, 합니다 mimi nasoma hap-ni-da wao wanasema hamnida, sasa ile p imeenda wapi?

Kilichonifanya niandike hapa ni wiki iliyopita. Mtoto alirudi na karatasi kwenye begi, nikaona tarehe ya ijumaa, nikaiweka juu ya friji nikasema baba yake akirudi ataisoma, na yeye siku zile alikua maabara mpaka usiku wa manane, tukasahau wote. Kumbe ijumaa walikua wanaenda matembezi na kila mtoto abebe chakula chake. Wangu akaenda mikono mitupu. Mwalimu alimgawia na wala hakuna alienisema vibaya, ila usiku mtoto ananiambia mama wenzangu wote walikua na dosirak, yaani chakula cha kubeba. Nililia jamani. Neno lilikua pale pale kwenye karatasi, 도시락, silabi tatu tu, limekaa juu ya friji siku nne nalipita.

Mlioko huku mlijifunzaje? Nina miaka 36, inawezekana kweli?

mwana_wa_mvita

Pole sana dadangu, mimi pia nimelea huku, hilo la dosirak nalielewa vizuri mno. Niko Busan mwaka wa tisa, nimeolewa huku, nilianza kusoma nikiwa na 41 kwa hiyo umri uweke pembeni kabisa.

Ile chati itupe leo. Hizo herufi zetu pembeni ndo zinakupoteza, na sisi Waswahili zinatupoteza zaidi kwa sababu tumezoea kila herufi isomwe ilivo, tukiona eo tunasema e halafu o. Kumbe 어 ni sauti moja, fungua kinywa kama wataka kusema o lakini midomo usiikunje. 으 wanaiandika eu, nayo ni sauti moja, sema u huku midomo umeitandaza kama mtu anaetabasamu. Hata jina la Seoul lina silabi mbili tu, 서 na 울.

Halafu usiyakariri maumbo kama picha, yana maana yake. Mfalme Sejong aliyamaliza maandishi haya 1443 na kuyatangaza 1446. Kabla ya hapo Wakorea waliandika kwa alama za Kichina, ziko maelfu, na mkulima au mtu wa kazi hakua na muda wala mwalimu wa kumfundisha, na wasomi wengine wa ikulu walimpinga mfalme wazi wazi maana kwao kuandika ni Kichina basi. Yeye akafata kinywa. Sema n taratibu usikilizie ulimi, ncha imepanda nyuma ya meno ya juu, umbo lake ndo hilo ㄴ. Sema g, ulimi kwa nyuma umeinuka unaziba koo, ndo ㄱ. ㅁ ni kinywa, ㅅ ni jino, ㅇ ni koo. Sauti ikiongezeka nguvu unaongeza mstari, ㄱ inazaa ㅋ, ㄷ inazaa ㅌ, ㅈ inazaa ㅊ. Ukizishika hizo tano za mwanzo nyingi zilobaki zinatoka humo humo. Irabu vilevile, ㅏ ni a, ongeza kijiti cha pili ㅑ inakua ya, ㅗ ni o na ㅛ ni yo. Irabu iliyosimama inakaa kulia kwa konsonanti, iliyolala inakaa chini yake, ndo maana unaona vijumba.

Sasa kuna kitu hakuna mwalimu wa huku atakwambia. Sisi wa Mombasa paa mnyama na paa la nyumba hatutamki sawa. Paa mnyama ina pumzi, weka kiganja mbele ya mdomo utaisikia, paa la nyumba haina. Kaa wa baharini na kaa la moto pia ni hivo hivo. Kama umekulia bara huenda hujawahi kutofautisha, ila mtafute mtu wa pwani akutamkie, maana Kikorea kimesimama juu ya jambo hilo. ㅍ ni ile p ya paa mnyama, ㅃ inakaribia ya paa la nyumba, na ㅂ iko katikati, pumzi kidogo tu. Si b yetu. Ndo maana mji wangu mpaka 2000 ulikua unaandikwa Pusan na sasa ni Busan na jina halijabadilika hata kidogo kwa Kikorea. Zoezi nililokua nalifanya jikoni ni 달, 딸, 탈, maana yake mwezi wa angani, binti, kinyago. Mwanzoni zote zilikua neno moja masikioni mwangu, ilichukua kama miezi mitatu zikaachana.

Na ile p yako haijaenda mbali. Herufi inayokaa chini ya kijumba inaitwa batchim, na ikikutana na n au m inavutwa puani, p inakua m, k inakua ng' ya ng'ombe, t inakua n. Sema hapnida harakaharaka mara kumi utaona mdomo wenyewe unaenda kwenye m. Supu ya mchuzi 국물 unaiona guk-mul, inasomwa gung'mul.

kijana_suwon

Mi naona mnajitesa, piga picha na Papago, ile app ya kutafsiri, basi, sekunde mbili umeshajua. Niko mwaka wa pili hapa chuo ni Kiingereza tupu sijawahi kukwama.

mpemba_seoul

Kijana hapo juu, uko chuo ndo maana. Simu inasaidia na mimi naitumia, ila menyu ya mkono ukutani kwa mama lishe wa mtaani simu inabahatisha, na huwezi kusimama dukani unapiga picha kila pakiti. Mimi ni Muislamu na kilichonifunza kusoma ni chakula, wala si darasa. Nyuma ya pakiti kuna kisanduku kidogo kinachoishia na neno 함유, yaani vimo, kinataja vitu vinavyoweza kudhuru watu, na nguruwe ni moja ya vitu ambavyo sheria yao inataka vitajwe. Kwa hiyo maneno yangu ya kwanza kabisa kuyajua kwa macho ilikua 돼지고기 na 돈육, yote mawili nguruwe, halafu 젤라틴 ambayo ukiisoma polepole utaitambua mwenyewe. 소고기 ni ng'ombe, 닭고기 kuku. Nilikua naingia supamaketi nusu saa nzima sinunui kitu, nasoma pakiti tu. Kwa mwezi mmoja nilisoma kuliko wenzangu wa darasani.

Dada mama_daejeon mimi ningekushauri anza na maneno ambayo tayari unayajua. Wakorea wanayachukua maneno ya kigeni kama sisi tu, hawapendi konsonanti mbili kuganda wala neno kuisha na s, wanaweka 으 pale sisi tunapoweka i au u. 버스 ni basi. 택시 teksi. 라디오 redio, 주스 juisi, 바나나, 토마토, 카메라. 프로그램 isome taratibu uone kama si programu. Hawana f wala z, kahawa ni 커피 yenye p, na kwetu ni 탄자니아, Tanjania, na Unguja na Pemba zinaitwa 잔지바르, Janjibareu. Mara ya kwanza kulisoma hilo kwenye ramani ya ukutani bila kusaidiwa na mtu nilisimama nikalisoma tena na tena.

Halafu weka kibodi ya Kikorea kwenye simu. Konsonanti ziko kushoto irabu kulia, wewe unagonga tu simu inajenga kijumba yenyewe, utaelewa mpangilio kwa mikono.

Darasa lipo pia, ile programu ya serikali ya kuwaunganisha wageni na jamii (사회통합프로그램), ngazi 0 ni saa 15 na inaanza na herufi kabisa, huhitaji mtihani kuingia ngazi hiyo. Piga 1345 uwaulize, ni namba ya uhamiaji ya wageni. Na mtaani kwenu tafuta 가족센터, senta ya familia, nyingi zina Kikorea cha wageni na wamama wenye watoto wamezoeleka pale.

mama_daejeon

Asanteni sana, sikutegemea majibu marefu hivi. Kijana wa Suwon nakuelewa, hata mimi nilikua nategemea simu, ila ile karatasi nisingeipiga picha kwa sababu sikujua kama ni ya muhimu, sikujua hata nini nisome.

Mwana wa Mvita swali, hizi za chini kwanini waandike herufi tofauti kama zinasomwa sawa? Nimeona nguo ni 옷 inasomwa ot na ua ni 꽃 inaisha t pia, sasa moja ina s moja ina ch, si waweke t tu mambo yaishe.

mwana_wa_mvita

Swali zuri. Chini pale sauti ni saba tu, k n t l m p na ng', hata uandike herufi gani inaangukia humo. Lakini herufi yenyewe inasubiri irabu. Chukua 낫, 낮, 낯, yaani mundu, mchana, uso, zote nat. Ongeza irabu mbele yake uone, 낮에, wakati wa mchana, inasomwa naje, ile j imefufuka. 낫을 inasomwa naseul, s imefufuka. Wangeandika t kote ungepoteza neno ni lipi. Nilivolielewa hilo ndo nikaacha kuwalaumu.

Nikwambie jengine. Bibi yangu mzaa mama alikua anaandika barua za Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, nzuri mno, na herufi zile hazina e wala o, msomaji alikua anajua mwenyewe kwa maana ya sentensi. Akija mtu wa ofisini anaandikwa hajui kusoma kwa sababu hakujua za Kilatini. Nilivofika huku nikawa mimi ndo sijui kusoma, na nina diploma. Nikawa namkumbuka kila nikikaa na lile daftari.

mama_daejeon

Narudi baada ya wiki tatu. Chati nimeichana kweli. Senta ya familia nimeipata, vituo vitatu kwa basi, jumanne na alhamisi, tuko na wamama wa Vietnam na Uzbekistan. Nasoma polepole mno, neno moja naweza kulikalia dakika nzima, ila nasoma.

Juzi imekuja karatasi nyingine. Nikakaa mezani kabla sijavua hata koti. 물, maji. 모자, kofia, hiyo nilikua naijua kwa kusikia nikaitambua nilipoitamka kwa sauti. 수건 sikuijua, nikaitafuta, taulo. Ilikua ni siku ya kucheza maji. Nikampakia vyote vitatu usiku ule ule na asubuhi nikamwonyesha mwalimu karatasi nikamsomea 수건 kwa kidole, akapiga makofi mawili madogo.

Ila moja bado. Maji 물 naambiwa niishie na l, na 우리, sisi, ina herufi ile ile nasikia r. Nishike ipi?

mwana_wa_mvita

Hongera mwanangu! Zote mbili. ㄹ ikikaa kati ya irabu ni r nyepesi, ulimi unagusa mara moja tu, ikiwa chini mwisho wa neno ni l na ulimi unabaki juu. Sema 물 halafu 물이, mul, muri. Leo jioni ukimwogesha mtoto msemeshe hizo mbili, wao wanazishika haraka, umsikilize.